Mtoro aliyekuwa lindoni: kisa cha mwanafunzi wa QT jioni hapa Dodoma

Kabla hatujaanza

Hiki kisa nakiandika kwa walimu na waratibu wenzangu wa elimu ya watu wazima, hasa tulioko kanda ya kati ambako mwanafunzi wako wa miaka arobaini ana shamba, ana zamu, ana mkopo, na ana watoto wanaogombea hela ileile anayotakiwa kulipia mtihani. Mwenyewe karidhia kitumike. Jina lake sitaji, chuo sitaji, kampuni yake sitaji, na vitu vidogo vidogo vinavyoweza kumtambulisha nimevibadili. Darasani wenzake walimwita Afande, na mimi nitamwita hivyohivyo.

Chuo na darasa lenyewe

Ni chuo cha maendeleo ya wananchi, vile vyuo vilivyoanza 1975 baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya aina hiyo kule Uswidi, sasa hivi viko 54 nchi nzima. Wazo la mwanzo lilikuwa mtu mzima aje, apate maarifa yanayomfaa, arudi kwake akayatumie. Miaka imeenda, mchana vimejaa vijana wa ushonaji, umeme, uashi na magari, na mtu mzima mwenye kazi yake amebaki kuwa wa jioni.

Darasa la jioni tunaloongelea ni la QT (Qualifying Test), ule mtihani wa maarifa ambao ukiupita unaruhusiwa kufanya form four kama mtahiniwa wa kujitegemea hata kama sekondari hukuwahi kuingia. Unafanyika Novemba pamoja na form four. Ukitoa Kiswahili, karatasi zote zinakuja kwa Kiingereza, na hapo ndo mtu aliyemaliza la saba miaka ishirini iliyopita anaanza kutoka jasho, sio kwa sababu hajui mmea unakula nini (kalima toka mtoto huyo) ila kwa sababu anaulizwa kwa lugha ambayo hajaisikia tangu shule ya msingi.

Wateja wa darasa hili Dodoma hawaishi. Tangu serikali ihamie huku majengo yameota kila upande na kila jengo linataka mlinzi, msafishaji na mpishi, na wengi wao ni la saba. Halafu kuna kumbukumbu ya 2017, ule uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, ripoti ikakabidhiwa hapahapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwezi wa nne, watumishi 9,932 wakaonekana wana vyeti vya kughushi, na wale wa darasa la saba walioajiriwa baada ya Mei 2004 nao wakatolewa kazini kabla ya kurudishwa mwaka uliofuata. Hata wa kampuni binafsi ambao halikuwahusu kabisa lile jambo walitoka nalo somo. Ukiwauliza wanafunzi wangu kwa nini wamekuja, nusu watakutajia 2017.

Afande ni nani

Alikuwa na miaka 38 alipojiandikisha, mlinzi wa kampuni binafsi, lindo lake lilikuwa kwenye jengo moja upande wa Mtumba. Mke na watoto watatu wako kijijini njia ya kwenda Bahi kwenye ekari chache za uwele na alizeti, yeye kapanga chumba kimoja mjini. Kampuni iliwaambia kwamba nafasi za usimamizi wa malindo zitaangalia wenye form four. Basi mwezi wa tano, mavuno yametoka na kuna hela kidogo mkononi, akaja kujiandikisha akalipa nusu ya ada.

Fomu aliyojaza naomba tuitazame vizuri maana nusu ya kisa iko humo. Ilikuwa fomu ileile ya vijana wa mchana. Ilimuuliza jina la mzazi au mlezi, kazi ya mzazi au mlezi, namba ya simu ya mzazi au mlezi. Mtu wa miaka 38. Akaandika jina la marehemu baba yake, kwenye kazi akaweka "mkulima", na kwenye simu akaweka namba ya dada yake mkubwa wa kijijini. Hakuna sehemu iliyomuuliza yeye anafanya kazi gani, anaingia saa ngapi, anatoka saa ngapi.

Mambo yalivyokwenda

Kipindi kinaanza saa kumi jioni mpaka saa kumi na mbili. Zamu ya Afande ilikuwa ya masaa kumi na mawili, wiki mbili mchana wiki mbili usiku, wanabadilishana saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Piga hesabu mwenyewe. Wiki za mchana hawezi kabisa kufika. Wiki za usiku anafika, lakini saa kumi na moja anatakiwa awe kwenye daladala ili akamreliv mwenzake, yaani ampokee zamu, na mwenzake akichelewa kurelivwa anaandika kwenye OB, lile daftari la matukio ya lindo, na ukiandikwa humo unakatwa mshahara.

Kwa hiyo hata wiki alizokuwepo alikuwa anapata saa moja tu, ya kwanza. Ratiba iliweka Kiingereza, Kiswahili na uraia mwanzoni, na hesabu saa ya pili karibu siku zote kwa sababu mwalimu wa hesabu alikuwa anatoka kufundisha sehemu nyingine. Afande amesoma miezi mitatu hajakaa kipindi kizima cha hesabu hata kimoja na hakuna aliyejua, sababu daftari la mahudhurio lilikuwa linapigwa vema mara moja, saa kumi na robo.

Mwezi wa nane ndo likatokea la kutokea. Kaja darasani katoka lindo la usiku, mchana kalala masaa mawili matatu kwa sababu chumba cha bati Dodoma saa saba mchana unajua mwenyewe, akasinzia. Mwalimu wa uraia, kijana mzuri tu wa miaka ishirini na kitu, akasema kwa utani: "Mzee, unalala hapa kama uko lindoni." Darasa zima likacheka. Afande naye akacheka, akasema "samahani mwalimu", akaandika mpaka muda wake wa kuondoka ukafika. Hakurudi tena.

Mwezi wa tisa wote hayupo. Ofisi ikapiga simu kwa "mzazi". Dada mtu kapokea simu ya chuo kuulizwa mwanao yuko wapi, akaelewa mdogo wake kapotea mjini, ukoo mzima ukapata presha, wakampigia mke, mke akampigia mume, mume yuko zake lindoni hana habari. Leo tunacheka lakini siku ile dada mtu alilia.

Kwenye kikao cha walimu hoja iliyokuwa mezani ni kumfuta. Kanuni ipo, ukikosa mfululizo kiasi fulani bila taarifa unafutwa na nafasi inaenda kwa mwingine. Kilichosimamisha ni mwalimu wa Kiingereza, mama mmoja mtu mzima ambaye aliomba lile daftari akalifungua pale pale mezani, akaanza kufuata mstari wa Afande kwa kidole tangu mwezi wa tano. Vema, vema, vema wiki mbili. Sifuri wiki mbili. Vema wiki mbili. Sifuri wiki mbili. Akasema mtoro hatoroki kwa kalenda hivi, huyu ana zamu.

Tulichoamua, na kwa nini

Kwanza, mtu aende akamuone kabla ya kufuta. Tulikubaliana asiende mkuu wa chuo wala asiende mratibu, aende yule mwalimu wa uraia. Wapo waliotaka aombe radhi mbele ya darasa, mimi nilipinga, maana kumwomba mtu mzima radhi mbele ya watu waliomcheka ni kumfanya achekwe mara ya pili, na kijana wa watu naye unamvunja. Akaenda lindoni jioni, akamsalimia "shikamoo baba", wakakaa kwenye kibanda pale getini. Walichoongea sijui chote. Ninachojua ni kwamba Afande alimwambia sentensi moja ambayo kijana alirudi nayo ofisini: "Mwalimu, kucheka hakuna neno, ila wale kesho wananipita getini."

Na kweli, wawili katika darasa lile walikuwa wanafanya usafi kwenye jengo lilelile.

La pili ni salamu. Darasa la jioni lilikuwa linasimama kama la mchana na kuitikia kwa pamoja "Shikamoo mwalimu", yaani baba wa miaka 50 na bibi mmoja mwenye wajukuu wanamwamkia mtoto wa ishirini na sita. Hakuna aliyewahi kulalamika, watu wazima hawalalamikii vitu vya namna hii, wanaacha kuja tu. Ikaondolewa. Mwalimu akiingia anasema habari za jioni, mwenye umri wake anaamkiwa kwa umri wake.

La tatu lilikuwa gumu zaidi: barua kwa mwajiri. Chuo kilitaka kuandika kampuni ibadilishe zamu zake ziwe za usiku tu. Afande alikataa katakata. Sababu yake ni kwamba bosi akijua unasoma anaanza kukuhesabu kama mtu wa kuondoka, na lindo zuri anampa mwingine. Walimu wawili waliona anajikwamisha. Kilichoamuliwa ni kumsikiliza yeye, kwa hoja kwamba akifukuzwa kazi chuo hakitamlipia kodi ya chumba. Ilikuwa na gharama yake hii, tutaiona.

Badala yake tukaweka Jumamosi asubuhi ya marudio, yale magumu ya wiki yanarudiwa kwa waliokosa. Na tukamuunganisha na mama mmoja kijana wa darasa lile, aliyeachia shule kidato cha pili akazaa na sasa karudi kusoma, mwandiko mzuri na simu kubwa. Afande ana kitochi, simu ndogo isiyo na wasapu. Matangazo yote ya darasa yalikuwa yanapita kwenye grupu la wasapu, kwa hiyo huyu mama akawa anamtumia meseji ya kawaida: kesho hakuna uraia, lete daftari la jiografia. Bando la meseji ni hela ndogo sana, chuo kikawa kinamwekea vocha.

Kilichonifurahisha mimi kuliko yote hakikuamuliwa kwenye kikao. Mwalimu wa Kiingereza alimwomba Afande aandike nyumbani kwenye daftari lake kile anachoandikaga kwenye OB, kwa Kiswahili chake cha lindo. Akaja na kurasa. "Saa 8:20 usiku gari nyeupe imefika getini dereva amesema anamfuata bosi nimemwambia bosi hayupo ameondoka." Mwalimu akachukua mstari huo huo akaugeuza Kiingereza ubaoni, na somo la nyakati zilizopita, lile ambalo darasa lilikuwa linakariri kama dua, likawa gari limefika, dereva amesema, mlinzi amekataa. Wakaanza wote kuleta za kwao, mpishi kaleta orodha ya vyakula, yule bibi mwenye wajukuu kaleta mambo ya kikoba chake. Afande ambaye miezi yote alikaa kiti cha nyuma karibu na mlango (ili atoke bila kusumbua) akawa ndo mwenye maandishi marefu kuliko wote. OB imemfundisha kuandika kila siku kwa miaka kumi na moja na hakuna aliyewahi kuhesabu hiyo kama elimu.

Januari

Sasa hapa ndipo mpango ulipopasukia. Mvua za Dodoma ni msimu mmoja, zinaanza Desemba mpaka Aprili hivi, na ukipoteza palizi ya Januari umepoteza mwaka. Usajili wa mtihani wa Novemba nao unafunguliwa mwanzoni mwa mwaka, ukichelewa unalipa na faini. Januari hiyohiyo shule zinafunguliwa, sare, madaftari, michango. Na ndo mwezi ambao ghala la kijijini linaisha. Yaani ukimwambia mtu akupangie mwezi mbaya kuliko yote wa kumdai mkulima wa Dodoma ada ya mtihani, atakupangia huohuo.

Afande alichukua likizo yake ya mwaka akaenda kupalilia. Kule mtandao wa shida. Yule mama wa meseji naye alikuwa kajifungua, hayupo darasani, na hakuna aliyeshika nafasi yake. Tangazo la usajili likawekwa kwenye grupu la wasapu, watu wakajibu "asante mwalimu" na vidole juu, kila mtu akaona limefika.

Karudi mjini mwishoni mwa Februari, kuja kujua siku zimeisha. Ikabidi alipe na faini mwezi wa tatu, na hela hana kwa sababu alishanunua sare za watoto. Akaenda kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa. Wakachukua kadi yake ya benki na namba ya siri, ndo dhamana yao, mshahara ukiingia wanatoa wao kwanza kisha wanamwachia kinachobaki. Mkopo wa kulipia mtihani ulimchukua mpaka mwezi wa nane kuumaliza, na katika miezi hiyo alikuwa anatembea kwa miguu kutoka chuoni mpaka nusu ya njia ya lindo ili abakize nauli, maana yake anatoka darasani mapema zaidi, maana yake hesabu ikazidi kupotea.

Walimu walipojua walitaka kuchanga wamlipie deni. Alikataa pia. Alisema deni lake analijua.

Matokeo

Novemba alifika kwenye chumba cha mtihani. Walioanza naye walikuwa karibu thelathini, waliofika siku ile hawakuzidi kumi na tano. Siku za mitihani alibadilishana zamu na mwenzake kwa makubaliano yao ya kienyeji, na karatasi mojawapo aliifanya akitokea moja kwa moja lindo la usiku.

QT alipita. Kiswahili vizuri sana, Kiingereza vizuri kuliko nilivyotegemea, uraia vizuri. Hesabu F.

Usimamizi hakupata. Nafasi iliyotoka ilipewa mtu mwingine mwenye form four tayari. Miezi michache baadaye kampuni ikamhamishia lindo la Manyoni, na kule anajiandaa na form four kama mtahiniwa wa kujitegemea, safari hii aliwahi kujisajili kwa hela yake mwenyewe.

Uchambuzi

Nianze na ninachokiona kikubwa. Watu wakisikia kisa hiki wanashika lile la mwalimu na utani wa lindoni, kwa sababu lina uchungu na linasimulika. Mimi naona lile lilirekebishika kwa mtu mmoja kwenda getini kusema shikamoo. Kilichokaribia kummaliza Afande ni kalenda, mara mbili: kalenda ya wiki ambayo haikujua zamu, na kalenda ya mwaka ambayo haikujua mvua. Mpango wa Oktoba ulishughulikia ya kwanza tu. Mikutano yote iliongelea Jumamosi na madaftari, hakuna aliyeuliza huyu baba Januari atakuwa wapi na atakuwa na shilingi ngapi, wakati kila mmoja wetu pale ana shamba au ana ndugu mwenye shamba na anajua vizuri Januari ikoje.

Daftari la mahudhurio lilifanya kazi kubwa kuliko ushauri nasaha. Taarifa zote zilikuwemo toka mwezi wa sita, ilihitaji mtu alisome kwa kufuata mstari wa mtu mmoja badala ya kujumlisha waliokuja leo. Sasa hivi kila mwisho wa mwezi kuna mtu anapitia mistari, inachukua nusu saa kwa darasa zima. Na vema inapigwa mara mbili, kipindi cha kwanza na cha pili, vinginevyo tungeendelea kumuona mtu "yupo" wakati hesabu hajawahi kuiona.

Meseji ya kawaida ilisaidia sana, lakini iliegemezwa kwa mtu mmoja. Tena mtu mwenye mimba, ambaye kila mtu aliona inakua. Akijifungua nani anashika simu? Swali la kijinga kabisa na halikuulizwa. Siku hizi wako wawili, na tangazo lolote lenye tarehe au hela halihesabiki limefika mpaka mhusika ajibu mwenyewe.

Jumamosi ilisaidia nusu. Wasabato wawili wa darasa lile haikuwafaa kabisa, na wenye biashara za mnadani nao ikawapita. Tulijaribu Jumapili mchana, hakuja mtu.

Kwenye barua ya mwajiri walimu mpaka leo hawajakubaliana. Mwenzangu mmoja anasema chuo kingeandika, F ya hesabu isingekuwepo. Inawezekana. Ila waajiri ninaowajua mimi wa malindo hawafuati barua za vyuo, na aliyekuwa anaijua kampuni ile alikuwa Afande peke yake. Ambacho kingewezekana bila kumgusa mwajiri ni kugeuza vipindi, hesabu iwe saa ya kwanza. Mwalimu wa hesabu hawezi kufika saa kumi, kuajiri mwingine hela hakuna, basi mpaka naandika hapa hesabu bado iko saa ya pili. Wanaotoka saa kumi na moja tunawapa maswali yaliyofanywa hatua kwa hatua wakasome lindoni. Haitoshi, hesabu ya kusoma peke yako usiku getini sio hesabu ya ubaoni.

Kukataa michango kulitushangaza wengi na nadhani hakukupaswa kutushangaza. Hela ya bure kutoka kwa walimu inakuja na macho ya walimu. Kilichofanya kazi baadaye kilitoka kwa yule bibi wa kikoba: darasa lianze kuweka kidogo kidogo kuanzia Juni, alizeti na uwele vikiuzwa, na kisanduku kisifunguliwe mpaka usajili ufunguliwe Januari. Ndo hela iliyomsajilia Afande form four, alikuwa anaituma kwa simu kutoka Manyoni kila mwezi. Kikoba kina matatizo yake, mwaka wa kwanza kulitokea ugomvi mkali kwa sababu mmoja aliacha masomo mwezi wa tisa akataka chake papo hapo na mwingine akataka kukopa cha wenzake kwa msiba, wakaandika sheria mbili kwenye daftari wote wakasaini. Funguo ziko tatu kwa watu watatu.

Fomu nayo ilibadilishwa. Mzazi au mlezi imeondoka kwenye fomu ya jioni, imeingia kazi, zamu, mahali shamba lilipo, aina ya simu, na "mtu wa kumpigia tukikukosa, na tumwambie nini". Hicho kipande cha mwisho kilipendekezwa na Afande mwenyewe, kwa ajili ya dada yake.